Kugeuza picha ya kamera kuwa mchoro wa rangi: filta inafanya nini, na kazi gani inabaki kwako

Fungua programu ya kuhariri picha, chagua filta ya rangi ya mafuta, bonyeza kitufe, na baada ya sekunde chache uso wa mtu unaonekana kama umepakwa kwa brashi. Kwenye kioo cha simu inapendeza. Ichapishe kwa ukubwa wa A3 uitundike ukutani, na kasoro zinajitokeza: ngozi imekuwa ya plastiki, anga limejaa nyuzi zinazojipinda kama minyoo, macho yamekufa, na vitu vya nyuma vinashindana na uso. Mara nyingine hakuna dalili ya brashi kabisa, na mtazamaji anadhani ni picha iliyopigwa vibaya.

Kasoro hizo kwa sehemu kubwa zina chanzo kimoja. Filta hushughulikia kila sehemu ya picha kwa kipimo kilekile, na mchoraji hafanyi hivyo hata siku moja. Ukuta wa nyuma anaumaliza kwa mipako michache mipana, halafu anatumia muda mrefu kwenye ukope mmoja. Kazi ya kugeuza picha kuwa mchoro ni kurudisha uamuzi huo: wapi pawe na mipako mikubwa, wapi midogo, na wapi pasiwe na kitu.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi ameketi barazani Lamu, saa kumi alasiri, jua linampiga kutoka kushoto, kajitanda kanga, na nyuma yake kuna mlango wa nakshi. Programu ni GIMP, kwa sababu ni ya bure na inaenda hata kwenye kompyuta ya kawaida. Mwenye Photoshop au Krita atakuta zana zenye kazi ileile, na pale zinapotofautiana tutaeleza.

Filta inaona nini

Jina la filta linaweza kukudanganya kwamba kompyuta inajua kupaka rangi. Inachojua ni kuhesabu pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, zilizo jirani.

Oilify ya GIMP, inayopatikana kwenye menyu ya Filters, kisha Artistic, inachukua kila pikseli na kuizungushia duara lenye nusu kipenyo ulichochagua. Ndani ya duara hilo inahesabu ni kiwango gani cha mwanga kinachojirudia zaidi, kisha pikseli ya katikati inapewa rangi ya kundi hilo lenye wingi. Ni kura ya wengi. Madoa madogo yanashindwa na kufutika, maeneo makubwa yanashinda na kutanuka, na pale maeneo mawili yanapokutana mpaka unabaki mkali. Kipimo kiitwacho Exponent kinaamua kura hiyo iwe kali kiasi gani: ukikipandisha, mipaka inakuwa migumu zaidi, ukikishusha, rangi zinachanganyika na picha inalegea.

Familia ya pili inatoka kwa Kuwahara. Michiyoshi Kuwahara na wenzake wa Japani waliieleza mwaka 1976 wakiwa na shida nyingine kabisa: picha za moyo zilizopigwa kwa vipimo vya mionzi zilikuwa na chenga nyingi (vinukta vya ovyo visivyo sehemu ya picha), nao walitaka kuziondoa bila kufuta mipaka ya moyo. Dirisha la pikseli 5 kwa 5 linagawanywa katika robo nne zinazopandana kidogo, kila robo ikiwa na pikseli 3 kwa 3. Programu inatafuta robo iliyotulia zaidi, yaani ambayo pikseli zake zinatofautiana kidogo kuliko nyingine, na wastani wa robo hiyo ndio unaokuwa rangi ya pikseli ya katikati. Dirisha haliwezi kuvuka mpaka, kwa sababu robo yenye mpaka ndani yake huwa haijatulia. Kwa hiyo pande mbili za ukingo zinabaki mbalimbali, na katikati ya kila upande panalainika na kuonekana pamepakwa. Ubaya wake ni kwamba robo ni za mraba, hivyo ukikuza dirisha unaanza kuona vijisanduku. Mwaka 2009 Kyprianidis, Kang na Döllner walitoa toleo linalonyoosha dirisha kufuata mwelekeo wa umbo, na matokeo yake yanafanana na mipako halisi zaidi. Matoleo yote mawili yamo ndani ya Blender tangu toleo la 4.0 la mwaka 2023. Kwa GIMP, nyongeza ya bure iitwayo G'MIC inaleta Kuwahara pamoja na filta nyingine nyingi za aina hii.

Familia ya tatu, ambayo ndiyo ya Oil Paint ya Photoshop, inapima mwanga unabadilika kuelekea wapi, kisha inachora mistari inayokwenda sambamba na ukingo. Shavuni mistari inazunguka na shavu. Kwenye mkunjo wa nguo inashuka na mkunjo. Hapo inafanya vizuri sana. Lakini angani au kwenye ukuta mtupu hakuna ukingo wa kufuata. Kilichopo ni chenga za kamera, na filta inazifuata hizo. Zile nyuzi za kujipinda zinazaliwa hapo. Anga lako likitoka hivyo, tatizo halimo kwenye mipangilio ya filta. Ondoa chenga kabla ya kuanza, au lipake eneo hilo kwa mkono.

Mwenye Photoshop ajue pia kwamba Oil Paint inategemea kadi ya michoro. Ukiikuta imefifia kwenye menyu na haibonyezeki, angalia kwanza kama programu imeruhusiwa kuitumia kadi hiyo. Na ule mng'ao wa plastiki mara nyingi unatoka kwenye Shine: ishushe hadi karibu na sifuri, au zima sehemu yote ya Lighting, kisha utengeneze unene wa rangi mwenyewe kama tutakavyoona mbele.

Kabla hatujaendelea, neno moja kuhusu aina ya mchoro unaoutaka. Filta hizi zote zinaiga rangi laini inayochanganyika kwenye kanvasi. Anayetaka mwonekano wa Tingatinga asizitumie. Edward Saidi Tingatinga alipaka Dar es Salaam miaka ya mwisho ya 1960 kwa rangi za kung'aa za baiskeli juu ya vibao vya hardboard, na uzuri wa mtindo ule uko kwenye rangi zisizochanganyika, mistari safi ya nje na nukta. Huo unaufikia kwa kupunguza idadi ya rangi na kuchora mistari kwa mkono, na ni somo lake peke yake.

Amua ukubwa wa kuchapisha kabla ya kitu chochote

Filta inapima kwa pikseli, jicho linapima kwa milimita. Wengi hukwama hapa bila kujua.

A3 kwa pikseli 300 kwa inchi ni pikseli 3508 kwa 4961, jumla zaidi ya milioni 17. Kwa kipimo hicho milimita moja ina pikseli karibu 12. Ukiweka nusu kipenyo cha 4, alama ya brashi itakuwa na upana wa pikseli kama 8, yaani chini ya milimita moja. Kwenye kioo, ukiwa umekuza picha, unaiona vizuri. Ukutani, mtu aliyesimama mita mbili haoni kitu, na mchoro wako unarudi kuwa picha ya kawaida iliyokosa ukali. Nusu kipenyo cha 25 kinatoa alama ya milimita 4 hivi, na hiyo inaonekana ukiwa mbali.

Kinyume chake pia hutokea. Mtu anafanya kazi kwenye nakala ndogo ya pikseli 1200, anaridhika, kisha anaikuza mara nne ili achapishe. Alama zote zinapanuka na kuwa laini, kingo zinapata ukungu, na hakuna brashi yenye ukingo wa namna ile.

Kwa hiyo fanya hivi: kata picha iwe na uwiano wa karatasi au kanvasi, kisha nenda Image, Scale Image, uiweke kwenye ukubwa wa mwisho kabla ya filta yoyote. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 inafika A3 kwa kukuzwa robo tu. Ukuzaji huo hauna madhara, kwa kuwa vipande vidogo utavifuta mwenyewe. Ikiwa itachapishwa kwenye kanvasi na kuvutwa juu ya fremu, ongeza eneo la kukunja: fremu ya unene wa sentimita 3 inahitaji angalau sentimita 4 kila upande, sawa na pikseli 472. Kusahau eneo hilo kumekata vidole na paji la uso la watu wengi.

Kuandaa picha

Mwanga ndio unaochagua picha. Mwanga wa pembeni unaugawa uso kwenye maeneo makubwa ya mwanga na kivuli, na maeneo makubwa ndiyo filta inayoyapenda. Picha ya flashi ya uso kwa uso haina maeneo hayo, na hakuna filta itakayoyaleta. Jaribio ni rahisi: punguza picha kwenye kioo hadi iwe na ukubwa wa stempu. Kama bado unaelewa nani yuko wapi na mwanga unatoka upande gani, picha inafaa.

Tafuta faili asilia. Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida imepunguzwa na kubanwa, na ubanaji wa JPEG unaigawa picha katika visanduku vya pikseli 8 kwa 8. Visanduku hivyo huvioni kwa urahisi, ila filta inaviona na kuvigeuza kuwa mipako ya mraba. Mwombe aliyepiga akutumie kama dokumenti.

Kisha usafi. Ondoa kwa zana ya Heal vitu ambavyo mchoraji asingevipaka: waya wa umeme, chupa ya maji, kibandiko cha kampeni ukutani. Punguza chenga kupitia Filters, Enhance, Noise Reduction, kwa nguvu ya wastani. Usiinoe picha. Kunoa kunaweka mstari mweupe mwembamba pembeni mwa kila ukingo, na filta itaupanua uwe utepe.

Mwisho, angalia weusi. Kamera inageuza kivuli kizito kuwa nyeusi tupu, wakati mchoraji wa mafuta hukipaka kahawia iliyokolea au buluu iliyokolea. Ndani ya Colors, Shadows-Highlights, inua vivuli kidogo mpaka uanze kuona umbo ndani yake. Kisha kwenye Levels, upande wa Output, sogeza mwisho wa giza kutoka 0 hadi 15 au 20. Hatua hii ndogo inabadilisha mwonekano kuliko filta nyingi, maana weusi tupu ndio unaoisaliti picha kwamba imetoka kwenye kamera.

Leya tatu

Sasa kazi yenyewe. Tengeneza nakala tatu za leya (tabaka la picha) iliyosafishwa na uipe kila moja mipako ya ukubwa wake. Ya chini kabisa, Oilify yenye nusu kipenyo cha 25. Ya kati, 10. Ya juu, 4. Exponent iache kwenye 8 kwa zote mpaka uwe na sababu ya kuigusa. Ile ya 25 itachukua muda, kwani kwa kila pikseli kati ya milioni 17 programu inatazama majirani karibu 2000. Kwenye kompyuta ya zamani iache ifanye kazi, usiizime ukidhani imeganda. Na usiweke filta ya pili juu ya ile ya kwanza: kila nakala ianze na picha safi. Filta juu ya filta inatoa uji.

Leya ya kati na ya juu ziwekee maski nyeusi kupitia Layer, Mask, Add Layer Masks. Maski ni kifuniko: penye nyeusi leya inafichika, penye nyeupe inaonekana. Picha nzima sasa inaonekana katika mipako mikubwa, na bibi hana macho. Hapo ndipo unapotaka kuanzia.

Chukua brashi yenye kingo za kukwaruza. GIMP inazo tayari: zile za Bristles, Chalk na Acrylic. Usitumie ile ya duara laini. Brashi laini inaacha eneo la mpito ambalo mipako mikubwa na midogo inaonekana kwa pamoja, na jicho linalisoma kama ukungu. Kwenye dynamics chagua Track Direction ili brashi igeuke kufuata mkono wako. Paka nyeupe kwenye maski ya leya ya kati pale unapotaka umbo lieleweke: uso wote, mikono, mkunjo mkuu wa kanga, sehemu ya baraza iliyopigwa na jua. Halafu nenda kwenye maski ya leya ya juu, na huku uwe bahili: macho, ukingo wa pua upande wa kivuli, pembe za mdomo, kucha zinazopata mwanga. Eneo la leya ya juu likizidi sehemu moja ya kumi ya picha, umeanza kuirudisha picha ya kamera.

Na mlango wa nakshi? Huu ndio mtego wa picha nzima. Nakshi zimejaa kingo kali, na kila filta itazishika kwa nguvu kuliko uso wa bibi, ambao ni laini. Uzibakize kwenye leya ya chini tu. Mipako ya milimita 4 inatosha kumfanya mtazamaji ajue ni mlango wa Lamu. Ua mojamoja halihitaji kusomeka. Kama bado zinavuta jicho, tengeneza nakala ya leya ya chini, punguza tofauti ya mwanga na giza, na uionyeshe kwenye mlango peke yake. Inauma kufuta fundi alichokichonga kwa ustadi namna ile, lakini mchoro huu unamhusu bibi.

Mpangilio huu wa kubwa kwanza, ndogo baadaye, ni wa wachoraji wenyewe, na kompyuta ilifundishwa mapema. Aaron Hertzmann alieleza mwaka 1998 programu inayopaka picha nzima kwa brashi kubwa, kisha inarudi na brashi ndogo kwenye maeneo tu ambayo mpako mkubwa umepotoka sana kutoka kwenye picha. Tofauti ni kwamba programu ile inaongeza vipande vidogo popote penye kingo nyingi, hata mlangoni. Wewe unaongeza penye maana.

Wenye GIMP 3.0, iliyotoka Machi 2025, wana nafuu: Oilify inabaki imeambatishwa kwenye leya na unaweza kurudi kubadili nusu kipenyo bila kuanza upya. Nafuu hiyo haizihusu zana za zamani kama GIMPressionist, ambayo bado inabadilisha leya moja kwa moja. Hata hivyo GIMPressionist ina thamani kwa ukuta na anga, kwa kuwa inapiga alama halisi za brashi badala ya kupiga kura ya pikseli. Kwenye Orientation punguza Span hadi nyuzi 40 au 60 ili mipako ielekee upande mmoja kwa jumla, na kwenye Color chagua wastani wa rangi iliyo chini ya brashi. Ikiachiwa nyuzi 360, ukuta unakuwa kama umemwagiwa makapi.

Ngozi, macho, na maandishi ya kanga

Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde inapata umbo lake kutoka kwenye mng'ao. Juu ya paji la uso, kwenye mfupa wa shavu na kwenye ncha ya pua kuna mwanga mdogo wenye rangi ya anga, karibu na buluu, na pembeni yake ngozi inaelekea wekundu na rangi ya chungwa. Kura ya wengi ya Oilify inaufuta mng'ao huo kwa sababu ni mdogo, na uso unabaki bapa, wa rangi moja ya kahawia. Watu hulaumu programu kwamba haikutengenezwa kwa ngozi zetu, wakati hesabu ni ileile kwa kila doa dogo lenye mwanga.

Dawa yake ni kuurudisha kwa mkono. Ongeza leya mpya tupu juu ya zote. Kwa zana ya kuchagua rangi, chukua rangi ya mng'ao kutoka picha asilia, si nyeupe, kisha upige mpako mmoja au miwili mifupi kwa brashi ya pikseli 15 hadi 25, opasiti (uzito wa rangi) 70 hivi. Mpako mmoja ulionyooka unashinda kumi ya kubembeleza. Fanya vivyo hivyo kwa nukta ya mwanga ndani ya jicho, ambayo hupotea daima. Iweke upande mwanga unakotoka, na kwa bibi wetu ni kushoto kwa macho yote mawili.

Kanga ina shida mbili. Ya kwanza ni mji wake, yaani sehemu ya katikati, ambao ukiwa na nukta nyingi ndogo hugeuka kuwa supu chini ya nusu kipenyo cha 10. Chagua mkunjo mmoja wa mbele uonyeshe nukta zake kutoka leya ya juu, mingine ibaki rangi tu. Mtazamaji ataijaza mwenyewe. Ya pili ni maandishi. Filta inayageuza kuwa mikwaruzo inayokaribia kusomeka, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote, kwa kuwa kila Mswahili atasimama pale kujaribu kusoma na kuusahau uso. Ama yaache yasomeke kabisa kwa kuyaonyesha kutoka leya ya juu, na kuyapitia herufi kwa herufi kwa brashi ndogo, ama yafute yawe utepe wa rangi. Usiyaache katikati.

Kingo zinazopotea

Kwenye picha ya kamera kingo zote zilizo ndani ya fokasi zina ukali uleule. Mchoraji anaacha nyingine zipotee: bega la upande wa kivuli linayeyuka ndani ya giza la mlango, huku shavu la upande wa jua likikatwa kwa ukali. Kazi hii hakuna filta inayoifanya, na kwa maoni yetu ndiyo inayotenganisha mchoro na picha iliyofiltiwa.

Tumia Smudge. Fungua leya mpya tupu, washa Sample merged ili zana ichukue rangi za leya zilizo chini, weka Rate kati ya 40 na 60, na utumie brashi ya Bristles. Vuta kuvuka ukingo mara moja, kutoka begani kuingia gizani, kisha mara moja kutoka gizani kurudi begani. Ndani ya umbo vuta kufuata umbo: shavu kwa kulizunguka, kanga kwa kushuka na mkunjo, baraza kwa mlalo. Ukisugua mbele na nyuma mahali pamoja rangi zinakuwa tope la kijivu, na hakuna njia ya kulisafisha isipokuwa kufuta kipande hicho cha leya. Krita ina brashi za kuchanganya rangi zinazofanya kazi hii vizuri kuliko GIMP, na Photoshop ina Mixer Brush. Kalamu ya kidijitali inasaidia sana hapa, ingawa kipanya kinatosha kwa mipako mifupi.

Unene wa rangi

Rangi ya mafuta ina kimo. Kuiiga, tengeneza leya kupitia Layer, New from Visible, iondolee rangi kwa Desaturate, kisha Filters, Enhance, High Pass yenye kipimo kidogo, kama 4, halafu Filters, Distorts, Emboss. High Pass haikwepeki. Emboss inachukulia mwanga kuwa kimo, na bila High Pass itainua mpaka wa uso mzima badala ya mipako.

Weka leya hiyo kwenye modi ya Overlay, opasiti 20 hadi 30. Kanuni ya Overlay ni kwamba kijivu cha kati hakibadilishi kitu. Ikiwa baada ya Emboss sehemu tambarare zimetoka zenye mwanga kuliko kijivu cha kati, picha yote itafifia kwa weupe. Zipime kwa zana ya kuchagua rangi na uzishushe kwa Levels mpaka zifike asilimia 50. Mwelekeo wa mwanga wa Emboss ufuate ule wa picha, kushoto juu.

Kisha ondoa unene kwenye vivuli. Wachoraji wengi wa mafuta hupaka giza kwa rangi nyembamba na kuweka rangi nzito kwenye mwanga. Kwa hiyo tengeneza kwanza New from Visible nyingine ukiwa umeizima leya ya Emboss, ikopi, na uibandike kama maski ya leya ya Emboss: GIMP itaigeuza kuwa kijivu, na unene utabaki penye mwanga tu. Usiongeze filta ya kanvasi kama utachapisha kwenye kanvasi yenyewe. Nyuzi za kuchora zitagongana na nyuzi za kweli na kutoa mawimbi ambayo hukuyaona kwenye kioo.

Kuhusu akili mnemba

Tangu Gatys, Ecker na Bethge waonyeshe mwaka 2015 jinsi mtandao wa neva unavyoweza kuvika picha mtindo wa mchoro mwingine, zimekuja programu nyingi za kufanya hivyo kwa sekunde. Za mwanzo zinatandaza umbile la brashi kwa usawa kila mahali, kwa hiyo tatizo letu la kwanza linabaki palepale. Za sasa zinazochora upya kutoka mwanzo zina hatari kubwa zaidi: zinabadilisha uso. Pua inanyooka kidogo, kope zinaongezeka, kovu linatoweka. Kwa picha ya mandhari si neno. Kwa picha ya mtu, hasa marehemu ambaye familia inataka kumkumbuka, hilo halikubaliki. Ukizitumia, tumia matokeo kwa ukuta na mlango, na uso uutoe kwenye leya zako.

Na kama picha si yako, omba ruhusa ya aliyepiga. Kuigeuza kuwa mchoro hakumwondolei haki yake. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ya Kenya ya mwaka 2001 zinamlinda mwenye kazi.

Kuichapisha

Hifadhi faili ya XCF, ambayo ni ya GIMP yenyewe, yenye leya zote, kwa sababu utarudi. Ya kupeleka dukani iwe TIFF au PNG, rangi za sRGB, isipokuwa mchapishaji akupe wasifu wake wa rangi. Kabla ya kulipia kanvasi nzima, kata kipande cha sentimita 15 kwa 20 chenye uso na ukingo wa mlango, pikseli 1772 kwa 2362, bila kukipunguza, na ukichapishe kwenye kanvasi ileile.

Kitazame kwanza ukiwa mita mbili, mchana, mbali na taa ya duka. Macho yanapaswa kushika kabla ya mlango. Kisha kisogelee: kwa umbali wa mkono mipako ionekane, na uso uanze kuvunjika kuwa rangi. Karibu daima chapisho litakuwa na giza kuliko kioo, kwa sababu kioo kinatoa mwanga na kanvasi inaunywa. Bega lililoyeyushwa kwa makusudi linaweza kuwa limezama lote, hata mkono haujulikani ulipo. Rudi kwenye Levels, pandisha mshale wa katikati hadi 1.10 au 1.15, na uchapishe kipande kingine kabla ya kuruhusu kazi yote.